Kurwa, Doto na Diski ya Uvunguni

Hapo zamani, na anayetaka zamani ya majini na wafalme aende nyumba ya pili, yangu mimi ni zamani ya juzi juzi, umeme ukikatika kama unavyokatika leo, mji wa Shangamba ulikuwa na redio yake. Redio ndogo, ya wananchi. Ilitangaza nani kafa na anazikwa wapi, ilitangaza mbuzi waliopotea, ilitangaza mikutano ya bei ya karafuu ambayo mpaka leo haijaisha. Na kila siku laasiri, watoto wakishatoka chuoni, ilitangaza hadithi za Bi Mwantumu. Hapo mji mzima ulinyamaza.

Hadithi zake zilikuwa na mtindo mmoja. Watu watatu, zawadi moja, kila mtu na haki yake. Akishawafikisha wasikilizaji pale roho juu, Bi Mwantumu aliuliza, "Je, nani alistahili?" kisha akazima kipaza sauti akaenda zake kukuna nazi. Jibu hakutoa hata siku moja. Watu walibaki kugombana barazani, mabwana wakanuniana na wake zao, na wapo ndugu wawili pale Shangamba walioacha kusalimiana kwa ajili ya hadithi ya punda. Punda mwenyewe hajapata kuwepo.

Bi Mwantumu alikuwa na binti mmoja, Siwema. Siwema alipokuwa mdogo alimng'ang'ania mama yake upindo wa kanga: mama, lakini nani hasa? Na mama alimjibu neno lile lile kila mara.

"Nikikupa jibu utalala. Mimi nakutaka ukae macho."

Basi Siwema akakaa macho. Akakua, akasoma mambo ya kompyuta, akarudi kufanya kazi redioni kwa mama yake, kutunza kumbukumbu. Sauti zote zilizowahi kurekodiwa na redio ile zilikuwa mikononi mwake, mafaili maelfu kwa maelfu, na kila faili akilijua lilipo.

Halafu masika moja Bi Mwantumu akashikwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na ulimi ukaenda nao. Mwanamke aliyeusemesha mji mzima akabaki na macho, na mkono wa kushoto. Redio ikawa inarudia hadithi zake za nyuma, na kila laasiri Siwema alikimbia nyumbani, akakaa naye mkekani, wakasikiliza. Na Bi Mwantumu alikuwa akiifuata sauti yake mwenyewe kwa midomo, neno kwa neno, bila sauti. Hayo ndiyo mazungumzo yaliyobaki baina ya mama na mwana. Mafaili yale yangepotea, Siwema angempoteza mama yake angali hai, na yeye alilijua hilo kuliko alivyojua jina lake.

Na kulikuwa na faili moja lililozidi yote. Wiki moja kabla hajaanguka, Bi Mwantumu alirekodi hadithi ya kisima, na alipotoka studio alimwambia Siwema kuwa safari hii, kwa mara ya kwanza, jibu amelitoa. Liko mwisho wa hadithi. Usiniulize, alisema, utalisikia na wenzako Sikukuu ya Idd. Nani alikuwa mtamboni siku ile, labda alisikia? Alikuwa Pandu. Na Pandu alikuwa amelala. Pandu tutamfikia, msiwe na haraka naye, yeye mwenyewe hana.

Idd ikaja, mama yu kitandani hospitali. Siwema hakuitoa hadithi ile hewani, wala yeye hakuisikiliza. Aliogopa. Alijua ni maneno ya mwisho ya mama yake ambayo hajayasikia, na akishayasikia hakuna mengine.

Sasa nielezeni, mtu mwenye mali namna hiyo anailindaje? Siwema aliilinda vizuri, kwa kujua kwake. Alikuwa na diski tatu. Ya kwanza aliiita Kurwa, ndiyo yenye mafaili yote. Ya pili aliiita Doto, pacha wa Kurwa, yenye nakala. Ya tatu aliiita Shangazi, kwa sababu ilikaa nyumba nyingine, moto usije ukaunguza zote pamoja, na ilikuja Ijumaa tu kusalimia.

Na kunakili kwake hakukuwa kule kwenu kwa kukokota faili moja moja kwa kipanya, kama mtu anayehamisha mchanga kwa kijiko. Siwema alifungua skrini nyeusi, akaandika mstari mmoja, amri ambayo wenyewe huiita rsync. Amri ile huchungulia huku, huchungulia kule, ikabeba kilichopungua tu. Mwisho wa mstari akaongeza neno la kufuta: kila alichonacho Kurwa, Doto awe nacho, na kila asichonacho Kurwa, Doto naye asiwe nacho. Wakawa pacha kweli kweli. Amri akaifunga na saa ya kompyuta, kila siku laasiri ijiendeshe yenyewe, na Ijumaa ikimkuta Shangazi kachomekwa imfanyie na yeye vivyo hivyo.

Ipo namna ya kuiambia amri ile ijaribu tu bila kutenda, ioneshe ingefuta nini, isifute. Ipo na namna ya kuiambia kwamba Kurwa akiwa hayupo, wewe rudi ukakae. Siwema mwanzoni alizitumia zote mbili. Kisha akaona mwaka umepita amri haijakosea, na kukagua kila siku kunachosha, akaziondoa. Na hapa mniwie radhi nimcheke kidogo, kwa sababu aliyesoma akiamua kujiamini, hakuna wa kumzuia.

Kazi ya kumleta Shangazi Ijumaa alipewa Pandu, afisa msaidizi wa kumbukumbu, cheo kirefu kuliko siku yake ya kazi. Diski ilikaa kwake. Baada ya swala ya Ijumaa ailete, aichomeke, laasiri ikipita aichomoe aende nayo. Na kila Ijumaa Siwema alimuuliza, na kila Ijumaa Pandu alimjibu, "Tayari, dada." Alilisema kwa upole, huku akitafuna karanga.

Mkurugenzi wa redio alikuwa Bwana Ngwali. Bwana Ngwali aliiogopa skrini nyeusi, alidhani ni mambo ya kupiga ramli, lakini shughuli alizipenda. Mpe uzinduzi, mpe utepe wa kukata, mpe mgeni rasmi, utamuona anavyong'aa. Basi akaamua kuwa kumbukumbu za redio, ambazo zilikuwepo miaka yote zikifanya kazi bila kuzinduliwa, sasa zizinduliwe. Siku ikawekwa Ijumaa, laasiri. Hotuba zitatangazwa moja kwa moja, na mwisho wa hotuba itachezwa hadithi ya kisima, yenye jibu. Mji ukasikia, mji ukasubiri. Nyumbani, jirani alimvisha Bi Mwantumu kanga mpya, akamweka mkekani mbele ya redio.

Siku yenyewe Bwana Ngwali akaingia chumba cha kumbukumbu, akaona nyaya, uso ukamkunjamana. Akauliza kumbukumbu zenyewe ni zipi hasa, ni kipi mgeni atakizindua? Siwema akamwonesha Kurwa. Kijisanduku cheusi, hata mkate wa mofa umekipita ukubwa. Bwana Ngwali akasikitika sana. Akaagiza kichomolewe, kiwekwe juu ya sinia, kifunikwe kitambaa cha kufuma, kile cheupe chenye maua alichofuma mkewe, kipelekwe jukwaani kama bibi harusi.

Siwema alikataa. Akaambiwa ni dakika chache tu. Akakataa tena. Bwana Ngwali akamtazama kwa huruma ya wakubwa.

"Mwanangu, hicho chombo umekilea vizuri, sote tunajua. Leo tuachie na sisi tukitie heshima."

Siwema akachomoa. Alijipa moyo: Doto yupo, na Shangazi yupo. Alichosahau ni saa. Amri aliifunga na laasiri, na amri haijui uzinduzi wala mgeni rasmi. Wakati hotuba ya kwanza ikiendelea, ule mstari mmoja uliamka ukaenda kuchungulia kwa Kurwa. Ukakuta mahali pake patupu. Amri haina maswali. Kurwa hana kitu, basi na Doto asiwe na kitu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na kompyuta, tofauti na sisi, hutii wahenga. Kufuta si kazi ngumu kama kunakili. Kabla mgeni rasmi hajamaliza kutaja majina ya wakubwa waliohudhuria, Doto alikuwa mweupe.

Na jukwaani? Jukwaani Kurwa alikuwa anatiwa heshima. Kwanza chetezo, akafukizwa udi mpaka kitambaa kikanukia. Watu wakashangilia. Kisha Bwana Ngwali akachukua mrashi, maana shughuli bila marashi ni kikao tu, akanyunyiza mgeni, akanyunyiza meza kuu, na alipofika kwenye sinia mkono ukawa mwepesi zaidi, akanyunyiza, akanyunyiza, akarudia na kona zote nne, mpaka yale maua ya kufuma yakashikana na chombo. Siwema aliona kutoka mlangoni. Alipiga hatua, akazuiwa na kijana wa itifaki, asikatize picha.

Mgeni rasmi, naye kwa kunogewa, akatangaza hapo hapo kuwa Shangamba itapata Mtunza Sauti wa Mji, mtu mmoja wa kudumu, chumba chake, kiyoyozi chake, na ufunguo wake mmoja usioshikwa na mwingine. Makofi yakalia, ndani ya sinia marashi yakiendelea kushuka.

Siwema alimbeba Kurwa akamkausha kwa mtandio wake, akamchomeka. Kurwa akalia kama panzi, akanyamaza, asilie tena. Akasema si neno, Doto yupo. Akafungua Doto, akaamuru orodha ya mafaili. Skrini ikarudi tupu. Akaamuru tena. Kisha akatazama saa, akaelewa, na alipoelewa akakaa chini sakafuni. Aliona haya kwanza, kisha hofu ikaja ikaimeza haya yote. Hewani walikuwa wameweka kaswida kujaza nafasi, na nyumbani mama yake alikuwa anasubiri.

Alimkuta Pandu uani, sahani ya pilau mkononi, akamuuliza Shangazi iko wapi. Pandu, kwa mazoea, akajibu.

"Tayari, dada. Nimeichomeka baada ya swala, kama kawaida."

Siwema akamkodolea macho. Kama Shangazi alichomekwa leo, basi na yeye kafagiliwa pamoja na Doto, na hakuna kilichobaki duniani. Pandu akaona ule uso. Miezi yote ile uongo wake ulimfurahisha dada huyu, leo uongo ule ule unamuua. Akaiweka sahani chini, na kwa Pandu hilo si jambo dogo.

"Dada, sikuileta."

Siwema akauliza kama ni leo hakuileta.

"Leo sikuileta. Wala Ijumaa iliyopita. Wala ile ya nyuma yake. Tangu vuli sijaileta."

Mnajua Siwema alifanya nini? Alimkumbatia. Alimkumbatia mbele za watu, akilia, na akishamaliza kumkumbatia akatamani kumzaba kofi, na nadhani angepiga kama muda ungemtosha. Wakakimbia mpaka kwa Pandu. Shangazi alikuwa uvunguni mwa kabati la vyombo, kawekwa chini ya mguu wake mmoja uliooza, kashikilia vikombe vya harusi visianguke. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na Siwema aliinama na gauni lake la sherehe, akamtoa, akampangusa utando wa buibui. Vikombe vikaanguka. Mke wa Pandu akasema aliyoyasema, na mimi nina adabu, sitayarudia.

Shangazi alikuwa mzima, amejaa. Lakini alijaa mpaka vuli tu. Yote yaliyorekodiwa baada ya hapo hayakuwemo. Hadithi za mwisho za Bi Mwantumu hazikuwemo, na hadithi ya kisima haikuwemo.

Kesho yake laasiri redio ilicheza hadithi ya zamani. Bi Mwantumu aliifuata kwa midomo mpaka mwisho, kama ada. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akagonga redio kwa kidole, akamtazama mwanawe. Siwema alijua anachodai. Akamwambia mama, umeme ulisumbua. Akaona mama yake hajaamini, na moyo ukamuuma zaidi kuliko jana.

Siku ya tatu alikuwa anapita getini pa redio, kichwa chini. Pale getini pana kibanda cha Shomari. Shomari kazi yake ni kutia nyimbo kwenye memori kadi za watu: ukitaka taarabu, ukitaka kaswida, ukitaka filamu iliyotafsiriwa kwa kelele, unampa kadi yako, unakunywa chai, unakuta tayari. Spika yake ilikuwa inalia, na Siwema akasikia sauti ya mama yake. Hadithi ile hawakupata kuisikiliza pamoja mkekani. Ilikuwa mojawapo ya zile za baada ya vuli.

Shomari alipomuona alitaka kuzima, akachelewa. Habari ikatoka vipande vipande. Neno la siri la mtandao wa ofisi alipewa na Pandu, kwa glasi ya sharubati. Jinsi ya kunakili alijifunza begani kwa Siwema mwenyewe, siku alizokuja kutengeneza feni akakaa kutazama skrini nyeusi kuliko alivyotazama feni. Kila wiki alipita kwenye kompyuta za redio bila kupiga hodi. Mikutano ya karafuu hakuigusa, nani angeinunua? Alichukua hadithi za Bi Mwantumu, zote, akaziuza kwa walinzi, madereva wa malori na wanawake wenye watoto wasiolala. Ile ya kisima alikuwa nayo, ila hakuwa ameiuza wala kuisikiliza, kwa vile haijatoka hewani na wenyewe wangemgundua. Mwizi mwenye heshima.

Alitazamia kuitiwa polisi. Siwema alimwomba mafaili. Shomari akatoa yote bila sharti, akasema tu naye siku moja akumbukwe. Kufa kufaana, na Shangamba kila mtu alikuwa anamfaa mwenzake bila kukusudia.

Basi Siwema akakaa kwenye skrini nyeusi na diski mpya, Shangazi huku, mali ya wizi kule. Mafaili ya Shomari yalikuwa na majina ya ajabu, mengine amempa Bi Mwantumu jina la mwimbaji. Mengi yalirudiarudia. Siwema aliandika amri za kutafuta, za kulinganisha faili na faili kwa urefu wa sauti zao, bila kuyafungua kusikiliza, za kubeba lisilokuwepo na kuacha lililopo. Kila amri aliijaribu kwanza bila kutenda, akasoma mstari kwa mstari, ndipo akaitenda. Neno la kufuta hakuliandika tena. Kazi ile ilimla wiki, na hapakuwa na mwingine Shangamba ambaye angeiweza.

Alipomaliza, Bwana Ngwali alikumbuka kuwa ofisi ya mgeni rasmi inasubiri jina la Mtunza Sauti. Akaita kikao. Akaanza kwa kusema kuwa, ukitazama kwa undani, yeye ndiye aliyewaunganisha wote katika jambo hili, maana bila uzinduzi nani angejua diski ya uvunguni ipo? Watu walitazama dari. Akaelewa, akawapa nafasi wengine.

Pandu akasimama wa kwanza.

"Mimi najua mnanicheka," alisema. "Lakini tuseme kweli. Ijumaa ile ningetii, leo tungekuwa na diski tatu tupu. Bidii ilifuta. Mimi sikufuta. Sauti za miaka thelathini zilikuwa nyumbani kwangu na hazikudhurika hata moja. Mnataka mtunzaji? Mimi nilitunza."

Mtu akamkumbusha kuwa angetii Ijumaa zile nyingine zote, wasingehitaji mwizi. Pandu akajibu kuwa mtu hawezi kuchagua Ijumaa ya uvivu, uvivu unauchukua wote au unauacha wote. Akakaa. Wengine wakaona ana hoja, na hilo likawakera zaidi.

Shomari akasimama.

"Niliiba, sikatai. Ila hesabuni nakala. Dada Siwema alikuwa na mbili, zote chumba kimoja, zimekufa siku moja. Mimi nakala zangu ziko kwenye malori, ziko mifukoni mwa walinzi, ziko chini ya mito ya watoto. Mnyunyizie marashi mji mzima, hazitaisha. Ninyi mlimfungia Bi Mwantumu kabatini, mimi nikampeleka kwa watu. Nani kamtunza?"

Siwema akasimama mwisho. Alikuwa amejipangia maneno mengi, yakampotea.

"Amri iliyofuta niliiandika mimi. Kinga yake niliiondoa mimi, kwa kujiona. Sitaisingizia marashi." "Lakini wao walikuwa na marundo mawili ya vipande, na vipande havisemi. Aliyevirudisha vikasema ni mimi. Na katika sisi watatu, mwenye kulijua kosa lile ni mimi peke yangu, kwa hiyo asiyeweza kulirudia ni mimi."

Pandu akasema hata yeye hawezi kulirudia, maana hajui kuliandika. Watu wakacheka, Siwema hakucheka.

Bwana Ngwali akakwama. Na mkubwa akikwama hutafuta wa kumtupia. Akasema sauti zenyewe nyingi ni za Bi Mwantumu, basi Bi Mwantumu achague. Aletwe, apewe ufunguo, aukabidhi kwa amtakaye, na kabla ya hapo isikilizwe hadithi ya kisima, mbele ya mji, hewani, jibu lipatikane kama mji ulivyoahidiwa.

Akaletwa kwa kiti, na kanga ile ile mpya. Ufunguo ukawekwa kwenye mkono wa kushoto. Siwema akawasha.

Sauti ya Bi Mwantumu ikajaa ua. Watu watatu, kisima kimoja, kila mtu na haki yake. Ilikuwa nzima na tamu, na mwenyewe aliifuata kwa midomo, hakukosea neno. Siwema alisahau ufunguo, alisahau kikao. Ikafika mwisho. Sauti ikasema, "Je, nani alistahili? Siku zote nimewaachia wenyewe. Leo nimezeeka, jibu nawapa. Aliyestahili ni..."

"Shomari Memori! Nyimbo, kaswida, filamu, karibu getini!"

Ilikuwa sauti ya Shomari, juu kabisa, na ngoma nyuma yake. Ikaisha, na faili likaishia hapo.

Maana Shomari, mjuzi wetu, naye aliandika mstari wake mmoja kwenye skrini nyeusi: kila faili, mwisho wake, litiwe tangazo juu. Mstari ukazunguka mafaili yote, haukuuliza hili lina jibu au halina, na asili yake hakuibakiza. Shomari alifunika uso kwa mikono miwili. Akaapa hakujua. Yale maneno ya mwisho Siwema aliyoogopa kuyasikia, sasa hayapo tena, na angeyasikiliza siku ya Idd angekuwa nayo.

Ndipo Bi Mwantumu akacheka.

Alicheka kwa nusu ya uso, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka, kicheko ambacho hakikuwa kimeonekana tangu kiharusi. Alimcheka Shomari, akamcheka Pandu, akawacheka wote. Kisha akatulia, akamgeukia mwanawe, na midomo ikacheza. Lilikuwa jina, au lilikuwa neno, au yalikuwa yale ya siku zote, kwamba nikikupa jibu utalala. Siwema, aliyeisoma midomo ile kila laasiri, safari hii hakuisoma, maana macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Mkono wa kushoto ukainuka na ufunguo. Pandu akakinga kiganja. Shomari, haya imemshika, naye akakinga. Siwema mikono ilikuwa nyuma, kisha akaileta mbele.

Mimi niliyewahadithia nilikuwepo, lakini mbele yangu alisimama Bwana Ngwali na mrashi wake, kaja nao tena, na sikuona. Ninyi hamkuzibwa na mtu. Haya, ufunguo ni huo, viganja ndivyo hivyo: mwenye bidii aliyefuta na kurudisha, mvivu aliyedanganya na kuokoa, mwizi aliyesambaza na kufunika jibu. Na kila laasiri yuko mama anayesubiri sauti yake.

Je, nani alistahili?